Nusu ya Maneno ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Gereji nzima humwita Nyundo, na si kwa sababu ya kazi tu. Sikio lake la kushoto limekunjamana kama karatasi iliyotupwa, na pua yake ilivunjwa ikajiunga yenyewe, vibaya.

Sikio ni kazi ya mume wangu. Nasema mwenyewe kabla hajasema mtu mwingine. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Mdogo wake alipoacha shule akawa anashinda na wahuni wa stendi, alimfungia chumbani akampiga kwa waya wa pasi mpaka mama mkwe akavunja kitasa kwa mchi. Pua ni kazi ya watu wa sokoni, waliomdhania mwizi wa simu wakamshukia kwa matofali. Simu ilikuwa ndani ya mkoba wa mwenyewe.

Siku tuliyomzika mume wangu, Nyundo alisimama kando ya kaburi akasema, "Kaka alinipiga ili walimwengu wasinipige. Na walimwengu wakaja wakanipiga vilevile." Akakaa. Kulikuwa na mtu anarekodi.

Haukupita muda, maneno hayo yakaanza kunifikia kwenye simu kutoka kwa watu nisiowajua. Nusu ya pili ilikuwa imekatwa. Nusu ya kwanza imegeuzwa na kuandikwa kwa herufi za dhahabu kando ya picha ya mume wangu, kana kwamba ndiye aliyesema: "Nilimpiga mdogo wangu ili walimwengu wasimpige." Wengine walidai ni maneno ya mfalme fulani wa kale, ambaye sidhani hata alikuwa na mdogo. Niliwaandikia waliokuwa wakisambaza. Mmoja akanijibu, "Mama, ujumbe ni mzuri, acha usaidie watu."

Ukasaidia. Muuza matairi anayepakana na gereji alimkuta binti yake anacheka na kijana getini. Akamburuta kwa nywele hadi nyuma ya duka, akaanza kumchapa kwa mkanda wa injini. Nyundo alisikia yowe, akatupa zana, akaruka ukuta.

"Mwache mtoto!"

"Kamuulize kaka yako kaburini!" muuza matairi alifoka, mkono hausimami. "Si ndiye aliyesema? Au msomi wenu naye alikosea?"

Ngumi ya kwanza ilimvunja taya. Ya pili sijui ilimpata wapi, maana alikuwa ameshaanguka. Nyundo alimkalia kifuani, akamshika masikio, akawa anamgongesha kichwa kwenye rimu ya lori. Damu ilitapakaa juu ya matairi mapya. Mafundi wenzake walimvuta kwa shati na kwa mkanda, hang'oki. Aliyemng'oa ni yule binti, aliyejikokota huku mgongo umechanika, akalia, "Mjomba, utamuua baba!"

Polisi walimchukua. Nilimfuata kituoni na wakili, na wakili alikuwa na njia safi: Nyundo aandikishe kwamba kaka yake hakuwahi kumgusa, kwamba maneno yale ni uzushi mtupu, na kwamba alipigana kwa uchungu wa kuona marehemu anachafuliwa. Sitaficha, njia hiyo ilinipendeza. Ingemrudisha mume wangu alivyokuwa siku zote machoni pa watu.

Nyundo alinitazama kupitia nondo, mikono imevimba.

"Shemeji, kama kaka hakunigusa, pale kaburini nilikuwa nasema nini?"

Macho yangu yakaenda kwenye sikio lake la kushoto.

"Lakini ukitaka nitaandikisha hivyo. Jina ni lenu."

"Lenu na nani?" nikamuuliza. "Wewe humu katika ukoo ni mpangaji?"

Alicheka, akashika mbavu. Nikamgeukia askari wa zamu.

"Afande, andika yote. Nusu zote mbili, na kwamba aliyesema ni huyu."

"Na marehemu nimwelezee vipi, mama?"

"Andika kwamba alikuwa mwalimu mkuu, mume wangu, na alimpiga mdogo wake kwa waya wa pasi. Asije mtu mwingine akapiga mtoto kwa jina lake."

Wakili alifunga mkoba wake. Nyundo alitia sahihi kwa shida, vidole haviwezi kushika kalamu. Kisha wakamrudisha mahabusu, maana taya la mtu lilikuwa limevunjika kweli.