Bi Mshindo na Mashindano Yaliyonyeshewa

Nyuma kabisa ya hospitali moja, karibu na bomba la maji machafu, kuna chumba cha kufulia, na ndani yake alikuwa akifanya kazi mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Mshindo. Mtu asiyemjua angetegemea kukutana na mwanamke wa makelele. Wapi! Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwembamba wa miguu, mpana wa mabega, mikono imekomaa kwa kunyanyua mashuka yaliyolowa miaka nenda miaka rudi. Ukimsalimia anaitikia, anatabasamu, anarudi kwenye mashine zake. Jina hilo alipewa na watu wa bendi ya wafanyakazi wa hospitali, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba ngoma kubwa.

Aliingia kwenye bendi baada ya kufiwa na mama yake. Walikuwa wakiishi wawili, vyumba viwili, na kwa kuwa mama masikio yalikuwa mazito, redio ilifunguliwa kwa sauti ya kuwafukuza panya. Akitoka kazini anamwogesha mama, anamlisha, wanazozana kidogo, wanalala. Mama alipoondoka, redio ikazimwa siku ya msiba, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha tena. Nyumba ikanyamaza. Alikuwa akidondosha kijiko sakafuni na kushtuka kama aliyevunjiwa mlango.

Jioni moja akitoka kazini alipita kwenye ukumbi ambamo bendi ilikuwa ikifanya mazoezi. Akasimama mlangoni kusikiliza. Mpiga ngoma kubwa wao, mlinzi wa geti, alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na ngoma ilikuwa imekaa kwenye kona bila mwenyewe. Kiongozi wa bendi, mfamasia mmoja mwenye upara unaong'aa kuliko matarumbeta, akamwona.

"Wewe dada, unaweza kubeba hii?"

"Mimi nabeba mashuka ya wodi nzima."

"Basi ingia, unasubiri nini?"

Akaingia, na hakutoka tena.

Sasa, ngoma ile ina mambo yake. Inafungwa kwa mikanda mabegani, inakaa tumboni, inapanda mpaka usawa wa macho. Anayeibeba haoni mbele hata kidogo. Anaona kulia, anaona kushoto, basi. Mbele anaongozwa na mlio wa viatu vya wenzake. Na aliye mbele naye hamwoni mbebaji. Anaona ngoma yenye miguu miwili inakuja. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye alipuliza tromboni na hakuwahi kukaa kimya pale alipopaswa, alikuwa akimtania: "Bi Mshindo, siku ukiolewa bwana harusi atamvisha ngoma pete, wewe atakuuliza umetokea wapi." Wanacheka, naye anacheka. Kisha mazoezi yanakwisha. Huyu simu inaita, mke anauliza yuko wapi. Yule mtoto wake anamsubiri nje na baiskeli. Bi Mshindo anabaki nyuma anaifuta ngoma ambayo ameshaifuta.

Alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji. Hawakugombana hata siku moja. Ila kaka alikuwa mtu wa salamu za haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi huku ameshageuka kuondoka. Tangu mama azikwe walikuwa wakionana kwa nadra. Mwaka ule, mashindano ya bendi za gwaride yalipokaribia, Bi Mshindo alijikaza akampigia simu.

"Kaka, Jumamosi tunashindana. Uwanja wa michezo, mchana. Sisi ni bendi ya nne kuingia. Nilitaka... kama una nafasi."

"Jumamosi? Nitakuja, mdogo wangu! Nitakuja na wifi yako na watoto wote. Utatusikia tu, tutakupigia kelele mpaka ukosee."

Wiki nzima aliishi kwa maneno hayo. Wenzake kazini walimsikia akiimba huku akikunja foronya, wakatazamana.

Kilichomtia wasiwasi ni hali ya hewa tu. Ngoma yao ilikuwa ya zamani, ngozi halisi ya mnyama, na ngozi ikinusa unyevu hulegea. Badala ya kutoa mlio unaogonga kifua, inatoa sauti ya ndoo iliyojaa maji. Na mbingu wiki ile ilikuwa imenuna. Basi akawa anailaza ngoma kwenye chumba cha kukaushia, pembeni, mbali na mvuke, na kila akipita anaigonga kwa kidole kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa.

Jumamosi ilipambazuka na jua kali la kuudhi. Kufika mchana mawingu yakaanza kujazana nyuma ya nguzo za taa za uwanja. Bendi ya kwanza ilipiga vizuri, ikatoka na manyunyu mabegani. Ya pili iliingia kwenye nyasi zilizolowa, na kwenye kona mpiga tarumbeta wao mmoja aliteleza, akakaa chini pwaa, tarumbeta haijatoka mdomoni, akaendelea kupuliza. Watu walimshangilia kuliko bendi nzima. Ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza inajipanga, mara radi ikapasuka juu ya uwanja mpaka matoazi yakalia yenyewe mikononi mwa watu.

Kanuni ya mashindano ni moja: radi ikilia, wote watoke uwanjani, maana hakuna mjinga wa kusimama kwenye nyasi wazi ameshika shaba iliyoelekea mbinguni. Mnasubiri nusu saa. Ikilia tena, nusu saa inaanza upya. Basi bendi zote zikasukumwa kwenye njia nyembamba chini ya jukwaa, watu wamebanana, suti za sufu zinatoa harufu ya kondoo, kofia zenye manyoya zimelala kama kuku waliokwishachinjwa. Kila nusu saa ikikaribia kuisha, ngurumo. Wanahema, wanaanza kuhesabu tena.

"Huyo wa juu naye ana ngoma kubwa," dereva akasema. "Bi Mshindo, leo umepata mwenzio."

Bi Mshindo alikuwa ameifunika ngoma kwa mfuko wa plastiki wa godoro la wodini, ameikumbatia. Ukutani kulikuwa na upenyo mwembamba, na kupitia hapo aliona jukwaa la ng'ambo. Miavuli ilikuwa ikishuka ngazi mmoja mmoja. Alimtafuta kaka yake. Aliona mwanaume mnene amewafunika watoto wawili kwa koti, moyo ukamruka. Mwanaume akageuka, akawa mume wa mtu mwingine. Akapiga simu. Iliita mpaka ikachoka.

Mvua imewazuia njiani, akajiambia. Halafu wazo jingine likamjia, zuri zaidi: pengine wako upande huu, juu yangu hapa. Kwenye zege juu ya kichwa chake kulikuwa na vishindo vya miguu ya watazamaji waliokimbilia sehemu yenye paa. Akasikiliza. Akachagua miguu mizito iliyokuwa ikitembea mbele na nyuma kama ya mtu asiye na subira, akasema moyoni ndiye yeye. Na vile vidogo vinavyokimbia ni watoto. Alikaa nao hivyo muda mrefu, uso ameuinua, mpaka miguu ile mizito ikashuka ngazi ikaenda zake.

Mwishowe vipaza sauti vikakoroma: mashindano yameahirishwa, siku itatangazwa. Bendi ya hospitali ilikuwa haijapiga hata noti moja. Mfamasia akakamua maji kwenye kofia yake, akasema, "Haya, twendeni tukakaushe vyombo."

Jioni, Bi Mshindo ametundika suti juu ya karai, inachuruzika, simu ikaita. Alikuwa kaka.

"Mdogo wangu! Hongera bwana! Nimekuona!"

Bi Mshindo akaketi kitandani. "Umeniona?"

"Nimekuona kabisa! Umependeza! Mlipiga vizuri, wifi yako mwenyewe alikuwa anacheza pale. Tulishindwa kukusubiri mwishoni tu, watoto walichoka."

"Mlikaa upande gani?"

"Upande ule... ule wa juu kule. Wenye kivuli."

Maji yaliendelea kudondoka kwenye karai. Kivuli! Siku yenyewe ilikuwa kivuli kitupu toka mchana. Angeweza kusema neno moja tu, na neno lilikuwa limeshafika ulimini. Badala yake akasema, "Ahsante, kaka. Wasalimie sana."

Baada ya kukata simu hakulia. Uongo wenyewe haukumchoma sana; kaka ni mtu wa duka, amezoea kumwambia mteja mzigo uko njiani. Kilichomchoma ni wepesi wake. Kaka alikuwa na uhakika kwamba mdogo wake hana mtu yeyote wa karibu wa kuja kumsuta. Hakuna jirani, hakuna shoga, hakuna mume, wa kusema, ah, mbona hawakupiga?

Jumatatu dereva alimkuta kwenye mlango wa kufulia. "Vipi, ndugu zako walifika siku ile?"

"Walifika," akasema. "Walifurahi."

"Walifurahi nini, mvua?"

Akacheka, akasukuma toroli la mashuka ndani. Sasa wakawa waongo wawili, yeye na kaka yake.

Kamati ikapanga mashindano yarudiwe Jumanne ya wiki iliyofuata, siku ya kazi, kwa kuwa uwanja Jumamosi zote ulikuwa na mpira. Dereva alikuwa zamu, hakuja. Wapuliza klarineti wawili walinyimwa ruhusa. Mvua ilikuwa imekwenda, ikaacha upepo wake nyuma, upepo mkavu wa kurusha mifuko na vumbi. Majukwaa yalikuwa matupu. Walikuwepo majaji na makaratasi yao chini ya mawe yasipeperuke, wake wachache wa wapigaji, na wanafunzi waliotoroka darasani.

Bi Mshindo hakumwambia kaka yake.

Waliingia. Upepo na ngoma kubwa haviivani hata kidogo; ni kama kutembea umebeba bango la matangazo. Aliegemea upande mmoja, akapiga, akaegemea, akapiga. Kulia kwake viti vitupu vilikuwa vikipita, safu kwa safu. Ngozi siku hiyo ilikuwa kavu na imekaza, na kila pigo lilirudi kutoka jukwaani likiwa zima, kwa maana hapakuwa na miili ya kulimeza. Hakuwahi kujisikia hivyo. Kwenye kona ya pili upepo ukamkumba ubavuni, ukamtoa kwenye mstari, mguu ukazama kwenye dimbwi lililobaki. Alirudi kwenye mstari bila kukosa pigo, lakini jaji alishaandika. Bendi ya hospitali ikashika nafasi ya tano kati ya sita.

"Mdundo haukukatika," mfamasia alimwambia wakipanda basi. Kwake yeye, mtu asiyesifu ovyo, hayo yalikuwa maneno mengi.

Njiani, ngoma imekaa kiti cha dirishani na yeye kando yake, akatoa simu.

"Kaka, una shughuli?"

"Aa, sema tu."

"Mashindano yalikuwa leo."

Upande wa pili ikaja sauti ya mtu anayekohoa kikohozi asichokuwa nacho. "Leo?"

"Jumamosi ile yalivunjika kwa mvua. Sisi hatukupiga kabisa."

Alidhani atamsikia akicheka, atasema basi niliona bendi nyingine. Kaka akashusha pumzi. "Nilisahau, mdogo wangu. Mvua ilipoanza tu duka likafurika. Kila mtu alikumbuka siku hiyo kwamba paa lake linavuja. Mabati, misumari, hata kula sikula. Nikakumbuka jioni. Nikaona aibu."

"Basi yameisha."

"Sasa mbona hukuniambia palepale?"

Bi Mshindo akatazama nje. "Ulikuwa unafurahi sana."

Kaka akauliza, polepole, "Hivi unapiga nini hasa?"

"Ngoma kubwa."

"Ile inayobebwa tumboni? Wewe? Mama aliwahi kuona?"

"Hapana. Nilianza yeye akiwa ameshakwenda."

Mteja akaita kwa nyuma. "Nitakupigia kesho," kaka akasema.

Kesho hakupiga. Alipiga Jumapili, Bi Mshindo akiwa anapiga pasi sare ya kazini. Aliuliza kama kwake mvua imefika. Imefika. Wakaizungumza mvua mpaka ikaisha, na kabla kimya hakijawatia aibu kaka akasema, "Ngoja, huyu mdogo ananing'ang'ania," akampa mtoto simu.

"Shangazi, baba anasema una ngoma. Kubwa kama nini?"

Alitazama chumbani kwake atafute cha kulinganisha. Kiti kidogo mno. Ndoo ndogo mno. Hakukuwa na kitu cha ukubwa ule.

"Kama meza yetu?" mtoto akauliza.

"Meza yenu sijaiona siku nyingi, mwanangu. Ina upana gani?"

"Ngoja nikaipime!"

Simu ikawekwa mahali, miguu ikakimbia. Bi Mshindo akaiegesha pasi. Akasikia sahani zikipangwa, televisheni ikipiga kelele, kaka yake akicheka kwa jambo fulani, wifi yake akimwita mtu aje kula kabla chakula hakijapoa. Alikaa na simu sikioni, hakusema halo wala nini, mpaka mtu mmoja kule akaiona iko wazi, akaikata.