Isale la Mpakani

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikiandika hadithi nyepesi za mapenzi kwenye gazeti moja la burudani, zile za kusomwa Krismasi watu wakiwa wameshiba nyama. Mhariri wangu hakuchoka kunidai ugomvi. Wapendanao wasipokorofishana, alisema, msomaji anasinzia. Basi nikawa nawagombanisha wahusika wangu na kuwapatanisha bila kujua lolote, maana mimi na mchumba wangu hatukuwahi hata kununiana. Nilijivunia hilo, tena sana.

Krismasi moja tulikubaliana aje kijijini kwetu Uru, kule mlimani, kujitambulisha. Ni Mchagga mwenzetu, ila alizaliwa na kukulia Dar, na huko alikuwa na duka la mitumba. Siku yenyewe baba alichinja mbuzi, ndugu wakajaa, mama akapika ndizi sufuria mbili. Mchumba hakutokea. Kijijini simu hakuna. Wageni walikula huku wakinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kitu chochote.

Alifika kesho yake asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Eti gari lilimharibikia njiani. Nilimjua, nikajua anadanganya. Nikamwambia arudi alikotoka, nikaingia jikoni na kufunga mlango. Sikuwa natania. Nilimpenda mno, na siku hiyo nilikuwa tayari kumwacha.

Mama alimwonea huruma. Akamnong'oneza atafute isale, mmea wa majani marefu ambao kwetu ukiletewa jani lake, huwezi kukataa kusamehe. Kijana wa mjini akatokomea migombani. Haukupita muda tukasikia sauti ya baba mkubwa, jirani yetu wa upande wa juu.

"Mae! Nani anang'oa mpaka wangu?"

Masale ndiyo mipaka ya vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mwenye kuomba msamaha anachuma jani tu, na kila mtoto wa mlimani anajua hivyo. Yeye alikuwa kang'oa shina zima, tena pale ambapo baba na baba mkubwa walishawahi kuzozana.

Nilitoka mbio. Nikamkuta kakumbatia shina, udongo unamdondoka shatini.

"Shikamoo, baba," alikuwa anamwambia baba mkubwa.

"Marahaba. Ulishanisalimia. Rudisha mti wangu palepale."

Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Baba mkubwa alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akatuacha.

"Gari halikuharibika," akaniambia bila kuinua kichwa. "Wateja walikuwa wengi. Nilijua mnanisubiri, nikabaki dukani."

"Kwa nini?"

"Nilijiambia hutakasirika. Hujawahi."

Yalinichoma maneno yale. Kumbe upole wangu wote alikuwa ameuzoea kama kiti cha nyumbani.

"Basi leo umeniona," nikasema.

"Nimekuona."

Nikainama, nikashika shina lisimame wima, yeye akafukia na kushindilia. Alipomaliza akachuma jani moja, safari hii kwa adabu, akanipa kwa mikono miwili yenye matope. Nikalipokea, maana isale halikataliwi.

"Lakini bado nina hasira," nikamwambia.

"Kaa nazo," akasema. "Mimi siondoki."