Turubai la Chama cha Kilio

Angèle Mushiya alikuwa akisonga bukari, ugali wa kuuza, alipoona turubai la bluu likifungwa kwenye ua wake.

Alilitambua. Alilinunua mwenyewe, akiwa mwenyekiti wa chama cha kilio cha wanawake wa mtaa. Enzi za babu yake, aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, jeneza lilitoka kwa kampuni ya mgodi. Kampuni ilipochoka, wanawake waligundua kitu ambacho wavaa tai hukiita bima: msiba ukigawanywa mtaa mzima, kila nyumba hubeba sufuria moja. Huyu unga, yule makaa kutoka Mutshatsha, yule viti. Chama kilisifika kwa haraka. Miaka yote Angèle alipeleka viti kwa wenzake. Kwake havikuwahi kufika.

Sasa vilikuwa vinapangwa.

"Nani amekufa?"

Mama Mbelu, mtunza viti, aliweka kiti chini. "Mama, hawakukwambia? Shimo ya Mutoshi imeanguka. Samy iko ndani."

Angèle aliacha mwiko chunguni. Samy, mwanawe wa pekee, mchimbaji.

"Nani ameona maiti?"

"Hakuna. Lakini maharagi imesha kuiva."

Hapo Lukusa, aliyechimba shimo moja na Samy, akaingia na wenzake, sepetu begani, kofia mkononi. "Pole sana, mama."

"Na kule nani anachimba?"

Lukusa aliangalia sufuria. "Tulisikia kilio imeanza. Tungekosa kuja?"

Kweli, desturi haikuwaruhusu kukosa. Hapo Angèle alielewa: chama chake, kwa heshima zote, kilikuwa kinamzika mwanawe.

"Mufungue bâche!" Angèle alivuta kamba ya turubai. "Sufuria mubebe. Twende Mutoshi!"

"Mama Présidente," Mbelu alinong'ona, "sheria inasema tunasaidia mufu tu."

"Mutanishitaki kesho."

Walipakua mdomoni mwa shimo, chini ya turubai, viti vikipangwa kwa mazoea. Wachimbaji walikula kwa zamu, wamesimama, kwani macho ya Angèle hayakumruhusu yeyote kukaa kitini. Jua likielekea kuzama, sepetu ya Lukusa ilijibiwa na kikohozi.

Samy alitolewa mweupe kama unga, mguu umevunjika. Aliona viti kwa safu, turubai, wanawake waliofunga vitambaa vya msiba.

"Ni kilio ya nani?"

Angèle alipakua maharagi, akampa sahani.

"Kula kwanza, mutoto," alisema Mbelu. "Ni maharagi yako."