Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia

Mie si mtu wa kuamini watu haraka. Nimekulia Temeke kwenye nyumba ya kupanga, milango inatazamana, na mama alitufundisha kwamba ukianika shati unakaa nalo mpaka likauke. Kwa hiyo siku dokta aliponiambia macho yangu hayatofautishi rangi, sikuhuzunika. Nilijiuliza tu: huyu mama katumwa na nani?

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye boti ya kubeba watu wa matembezi, upande wa Kinondoni. Asubuhi tunawapeleka kwenye visiwa vidogo, jioni tunawarudisha. Boti ilikuwa na nahodha wake, mtu mzima, na wasaidizi wawili: mie na mwenzangu mmoja kutoka Mtwara. Nahodha akichoka tulikuwa tunashika usukani kwa zamu. Halafu bosi akaagiza boti ya pili, kubwa, injini mbili, akatuita sie wawili akasema anayetangulia kupata leseni ya unahodha ndiye atakayeiendesha. Mwenzangu akaitikia "sawa bosi" na kuendelea kukunja kamba zake. Hakufurahi, hakuuliza kitu. Mtu mkimya namna ile anawaza nini? Tangu siku hiyo nikawa nalala jicho moja liko wazi.

Boti ile niliitaka, jamani. Miaka yote nilikuwa mtu wa kuambiwa vuta nanga, shika kamba, pokea mizigo ya wageni. Nilitaka na mie niitwe nahodha, mke wangu aitwe mke wa nahodha, na nikipita mtaani wale walionizoea waniamkie kwa adabu kidogo.

Kwenye mafunzo ya leseni nilifanya vizuri. Kilichobaki kilikuwa cheti cha afya. Presha safi, masikio safi, moyo unadunda kama kawaida. Dokta akaniwekea mbele kitabu ambacho kila ukurasa una duara lililojaa vidoti vya rangi, akaniuliza naona namba gani. Ukurasa wa kwanza nikasoma. Wa pili nikaangalia, nikaangalia tena.

"Hapa hamna namba, dokta."

"Na hapa?"

"Hapa napo hamna." Nikacheka. "Dokta, mbona unanifungulia kurasa tupu?"

Yeye hakucheka. Nesi alikuwa anapita na beseni, dokta akamgeuzia kitabu. Nesi, tena yuko kule mlangoni, akajibu, "Sabini na tatu," akaenda zake. Nikawatazama wote wawili. Mtu unasoma namba kutoka mlangoni, mie niliyekaa nayo puani siioni? Nikasema hawa wamepangana.

Nilipotoka nje, pale getini, kijana mmoja mwenye kofia akanisogelea. "Braza, macho yamekukataa? Usijali. Cheti kipo, safi kabisa, hupimwi hata kidole." Ala! Kumbe ndiyo biashara yenyewe! Ndani wanakufelisha, nje wanakuuzia. Nilichukua namba yake ya simu, nikamwambia nitamtafuta. Na moyoni nilisikia raha, maana sasa nilijua siumwi kitu.

Lakini kwanza nilitaka kuwaumbua. Nikaenda hospitali nyingine, mbali kabisa na ile, kwa dokta mwanamume, mzee. Nikamwamkia, nikakaa, sikusema chochote kuhusu nilikotoka. Akafungua kitabu kilekile. Kurasa tatu tu, akakifunga taratibu.

"Kijana wangu, huko ulikotoka hawakukwambia?"

Nikaruka kwenye kiti. Kajuaje kama nimetoka mahali? Wamepigiana simu hawa! Bahasha ya hospitali ya kwanza ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati langu, lakini hilo sikulikumbuka mpaka nilipofika nyumbani. Mzee akaniambia nyekundu na kijani kwangu ni ndugu, nimezaliwa hivyo, na hakuna dawa wala miwani. Akaongeza kwamba wapo wanaoruhusiwa kuendesha mchana tu, niende nikaombe kwa wahusika. Sikumsikiliza. Niliona ananipoza ili nisimshitaki.

Njia nzima kurudi Temeke nilikuwa natafuta nani kanichongea, na kila nikizunguka narudi kwa mwenzangu wa Mtwara. Maana kuna jambo lilikuwa limetokea kabla ya hapo. Jioni moja tulichelewa kurudi kutoka kisiwani, na magharibi ikatukuta njiani. Nahodha tumbo lilikuwa linamsumbua, usukani nikashika mie, na bosi mwenyewe alikuwamo pamoja na wageni wake. Boti zote zikitembea gizani zinawasha taa mbili za mbele, nyekundu kushoto, kijani kulia. Ukiona taa ya mwenzio ikipita mbele yako unajua anaelekea wapi, nyekundu anakwenda kushoto kwako, kijani anakwenda kulia, nawe unapita nyuma yake. Nikaona taa mbele. Nikahesabu inaelekea kulia, nikakata kushoto.

Mwenzangu alirukia usukani, akanisukuma kwa bega, akakata kulia kwa nguvu zake zote. Wageni wakadondokeana, mama mmoja akapiga kelele za kumwita Mungu. Boti ya watu ikapita ubavuni kwetu, wakitutukana. Bosi akauliza kuna nini, na yule bwana akajibu, "Mawimbi, bosi," akanirudishia usukani.

Mawimbi gani, na bahari ilikuwa imetulia? Mie nilijua kabisa. Alitaka bosi aone kwamba sijui kazi, na kwamba yeye ndiye anayejua. Kiti kile anakitaka. Sasa ameona leseni inakuja, ameniwekea zengwe mpaka kwa madaktari.

Nilimwaga yote haya kwa mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea hapohapo chumbani kwetu, na mashine ilikuwa inakwenda wakati naongea. Nilipofika kwenye kitabu cha vidoti, miguu yake ikasimama.

"Baba watoto, hivi kule kibanda umiza, mkitazama mpira kwenye TV, jezi nyekundu na jezi za kijani unazijuaje?"

"Kwa ukimbiaji wao, kama watu wote."

"Mh," akasema.

Hiyo "mh" ilinikera kupita maelezo. Nikamuuliza na wewe umeingia kwenye njama? Akasema hakuna njama, ila nikumbuke kwamba hajanituma uzi tangu mwaka ule tuliooana. Kweli hajawahi kunituma tena. Miaka yote nilidhani anaogopa nitakula chenji! Kumbe nilimletea uzi wa rangi nyingine kabisa kwenye gauni la bibi harusi, akalia peke yake, akanyamaza.

"Sasa si ungesema?"

"Ningesemaje? Wewe mtu akikwambia shati lako limefunguka kifungo unauliza kaambiwa na nani."

Basi nikasema tutapima wenyewe, humu ndani, bila dokta. Nikanunua taa mbili ndogo za boti, moja nyekundu na moja ya kijani, nikaazima betri ya pikipiki. Jumapili mchana watoto tukawapeleka kwa bibi yao, tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa blanketi. Joto la chumba kile sisemi. Wapangaji wenzetu wakaanza maneno huko uani, "Jamani, mchana kweupe!" na vicheko, na mke wangu akawajibu kwa sauti kwamba wenye wivu wajinyonge.

Mwanzo niliziwasha zote mbili mkononi, nikazitofautisha bila shida. Moja ilikuwa imefifia, nyingine ina weupe. Nikapiga makofi mbele ya uso wa mke wangu. "Unaona? Unaona!" Yeye akasema baharini taa haiji mkononi, tena haiji na mwenzie ya kulinganisha. Akachukua boksi, akatoboa tundu dogo, akakaa nalo kona ya mbali nyuma ya cherehani, mie nikakaa mlangoni. Kwamba atawasha taa moja nyuma ya tundu, mie niseme rangi, azime, awashe tena.

"Lakini apa," nikamwambia. "Apa kwamba hutanihurumia wala hutanichezea."

Akaapa. Sauti yake haikuwa ya utani tena.

Tukaanza. Tundu likawaka. "Nyekundu," nikasema. Likazimika, likawaka. "Kijani." Likazimika. "Kijani tena. Nyekundu. Hiyo nyekundu kabisa!" Nilikuwa najibu harakaharaka, sina wasiwasi, jasho linanitiririka na ninaona usukani wa boti mpya huu hapa. Nilisema nyekundu na kijani mpaka nikachoka.

"Nimepata ngapi?"

Nikasikia anasogeza boksi.

"We mama, nimepata ngapi?"

"Njoo," akasema.

Nilizunguka cherehani. Taa moja ilikuwa kwenye betri, inawaka. Nyingine ilikuwa juu ya meza, nyaya zake zimekunjwa na kufungwa kwa uzi kama zilivyotoka dukani. Hakuwa ameigusa tangu tuanze. Muda wote ule alikuwa anawasha na kuzima ileile.

Nilitaka kugomba. Nilifungua mdomo nimwambie umeapa halafu umenichezea, nikaufunga. Hakuwa amenichezea. Niliitazama ile taa kwa karibu, nikaitazama sana.

"Hii ni ipi?" nikamuuliza.

Mke wangu akaziba uso kwa kanga. Nikakaa chini sakafuni. Nililia, sioni haya kusema, nililia kama niliyefiwa, na huko uani vicheko vikakatika.

Namba ya kijana wa kofia niliifuta usiku uleule. Sikuweza kumnunulia mtu kifo kwa cheti safi. Asubuhi nikawahi ufukweni kabla ya wote, nikamkuta mwenzangu wa Mtwara anachota maji yaliyoingia ndani ya boti. Sikumsalimia hata.

"Jioni ile ya mawimbi," nikamwambia. "Taa niliyoiona ilikuwa rangi gani?"

Akaacha kuchota. "Nyekundu."

"Na mie nikakata kushoto."

"Ukakata kushoto."

"Kwa nini hukumwambia bosi? Boti ungepewa wewe."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na mie mtu wa kupekua nyuso za watu sikukuta kitu kingine pale. "Mie nilidhani wajua," akasema. "Nilidhani umeficha kwa sababu unataka kazi. Nikasema basi, zikiwashwa taa nitakaa karibu yako."

Na kweli alikuwa anakaa. Kila jioni tuliyochelewa alikuwa anakuja kusimama begani kwangu, na kila jioni nilikuwa nikisema moyoni, huyu anakipima kiti.

Kwa bosi nilikwenda mwenyewe. Boti mpya akapewa mwenzangu, leseni yake ilipotoka. Mie niliomba ile leseni ya mchana, nikasubiri mpaka nikakata tamaa, mwisho nikapewa, imeandikwa masharti yake wazi. Boti ya zamani ninaiendesha mie sasa, nahodha wetu amepumzika. Mtaani wananiita nahodha, ingawa wapo wanaoongeza "wa mchana" wakidhani sisikii.

Tukichelewa, mwenzangu hutangulia na boti yake, sie tukafuata, na usukani ninamwachia msaidizi mapema, jua bado liko juu kidogo. Nakwenda kusimama mbele peke yangu. Zile taa zinapowaka kwenye boti zinazotujia huko mbele, huwa namuuliza msaidizi, ile pale ni ipi? Akinijibu, namwamini.