Nyayo Zinazoingia Pangoni

Kila nikichoka kuzunguka Kitale na Bungoma nikitafuta kibarua, hupanda kwa dada yangu, mlimani juu ya Cheptais, na kitu cha kwanza ninachoomba ni twende pangoni kuchimba udongo wa chumvi. Mama alituzoesha hivyo. Chumvi ya dukani ng'ombe wa dada huiramba kama wagonjwa. Ile ya pangoni huipigania.

Asubuhi hiyo tulikuwa watatu. Shemeji, mume wa dada, alitangulia ndani na jembe na tochi.

"Nifuate na gunia," aliniambia. "Usikae hapo kuota moto kama mgeni."

Nilikaa. Dada alikuwa amewasha moto mlangoni mwa pango na kuufunika kwa majani mabichi, jinsi mama alivyofanya, kwa sababu moshi ukijaa mlangoni mnyama haingii watu wakiwa ndani. Harufu ile ilinirudisha utotoni. Nikajimiminia chai, nikasahau gunia.

Ndipo askari wa wanyamapori alipotokea msituni, mwanamke kijana mwenye sare ya kijani na bunduki, akihema. Hakutusalimia.

"Zimeni huo moto. Polepole. Msipige kelele."

"Afande, si huu ndio unatulinda?" dada akasema. "Hata mama yetu..."

"Mama, nimefuata ndovu mmoja tangu alfajiri." Akaelekeza kidole kwenye tope, karibu na miguu yangu. "Angalia. Nyayo zinaingia. Hazitoki."

Nilitazama. Alama zilikuwa pana kama karai, na kikombe changu cha chai nilikuwa nimekiweka ndani ya mojawapo ili kisianguke.

"Mume wangu yumo ndani," dada akanong'ona. Moto aliouwasha kumlinda mumewe ulikuwa umemfungia ndani na ndovu.

Tuliumwagia maji ya mtungi, tukaufukia kwa udongo kwa mikono mitupu. Askari akatuvuta hadi kando, nyuma ya jiwe.

"Akitaka kutoka apate njia," alinong'ona. "Lakini bwana yako asikimbie. Akikimbia, amekwisha. Mama, ongea naye kama unamwita chakula. Usilie."

Dada alijifuta uso kwa leso. Sijui ile sauti ya kawaida aliitoa wapi.

"Baba watoto?"

"Eeh!" Ilitoka mbali, na mwangwi.

"Hebu keti hapo kwa ukuta. Zima tochi."

"Nikae? Na gunia litajijaza? Si uambie huyu ndugu yako ashike jembe, bana! Amesimama tu hapa nyuma yangu akipumua, ati hata kujibu mtu hataki."

Askari alinigeukia. Dada pia. Nilikuwa nimechuchumaa kati yao, na kwa muda nilijishika kifua kama mtu anayehakikisha kwamba yupo.

"Baba watoto," dada akasema, polepole sana, "ndugu yangu yuko na mimi huku nje. Huyo ni mgeni. Usimwangalie. Usikimbie. Keti tu."

Mwanga hafifu uliokuwa ukichezacheza kule ndani ulizimika.

Popo waliruka, kisha nikasikia kokoto zikisagika. Ndovu alitoka bila haraka, vumbi jeupe la chumvi mdomoni, akasimama juu ya majivu yaliyolowa. Alinusa mahali tulipokuwa tumeketi. Aliponyoosha mkonga kwenye kikombe changu, askari alinishika shati kwa nyuma. Kisha mnyama akashuka msituni, nasi tukaendelea kusikiliza matawi hata yalipokuwa yamenyamaza.

Shemeji alitoka akishikilia ukuta. Dada alimpiga kofi begani, akampiga tena, ndipo akamkumbatia.

"Wewe ulikuwa na mdomo gani huko ndani?" alimuuliza. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na huyu." Alininyooshea kidole. "Nilisikia mtu nyuma yangu, nikajua ni yeye na gunia. Nikamweleza yote. Nikamwambia aache kuzurura, kuna kipande cha shamba kule chini kwa migomba, aje ajenge. Nikamuuliza mara ngapi, utakuja au hutakuja? Ananipumulia tu shingoni."

Askari aliketi chini, bunduki magotini, akaomba maji. Hayakuwepo, tulikuwa tumeyamaliza kwa moto.

"Basi mjibu sasa," dada akaniambia.

Niliokota gunia, nikamuuliza shemeji jembe ameliacha wapi.