Flashi Niliyoinunua kwa Jina la Radi

Kosa ni langu, jamani. Si la shetani, si la ng'ombe, na wala si la Mzee Luvisia. Ni langu mimi, mpiga picha wa hapa mjini Kakamega, na nimechoka kulimeza.

Flashi yangu ya zamani ilikuwa imekufa, nikaenda Kisumu kutafuta nyingine. Mwenye duka akaniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, kichwa chake kinageuka, unaelekeza mwanga darini ushuke kwa upole, tena ina kitufe cha kupunguza nguvu. Ya pili ilikuwa kubwa, ya kushika kwa mpini. Haigeuki, haipungui. Ukibonyeza inatoa yote.

"Ndogo inakutosha," akasema. "Hii kubwa si taa, bwana. Hii ni radi!"

Alinimaliza kwa neno hilo! Jirani yangu mwenye studio ng'ambo ya barabara alikuwa ananinyang'anya harusi zote. Nikataka radi. Nikaichukua, nikatoka dukani nikicheka peke yangu, mpumbavu mkubwa.

Sasa sikilizeni. Dada yangu ameolewa Malinya na mwanamume ninayemwita hapa Shivachi. Shivachi alikuwa na fahali wa kupigana, Tingatinga, na alimlisha vizuri kuliko alivyojilisha yeye. Siku ilipopangwa Tingatinga akutane na fahali wa Mzee Luvisia, aliniomba picha ya kutundika ukutani.

"Mulamwa," akaniambia, kwa maana kwao shemeji huitwa hivyo, "mupige akishashinda. Wakipigana usikaribie. Huyu hapendangi kushtuliwa."

Nikaitikia. Hakujua nina flashi mpya. Na mimi moyoni nilizitaka zile pembe zikigongana, picha ambayo jirani yangu hajawahi hata kuiota.

Huko ng'ombe hupiganishwa asubuhi na mapema. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, ukungu umelala uwanjani, ngoma za isukuti zimepamba moto, watu wamejaa. Nikajipenyeza kwenye majani marefu ya kulishia ng'ombe pembeni, nikachuchumaa. Kila mtu alikuwa anatazama kati.

Vichwa vikagongana puu! Mate yakaruka, udongo ukaruka. Shivachi alikimbia ubavuni mwa fahali wake na fimbo mkononi, akimwita kwa jina. Tingatinga alikuwa anashinda. Naapa, alikuwa anashinda!

Nikabonyeza.

Ukungu wote ukawa mweupe. Mwanga ulimpiga Tingatinga machoni, akajirusha kando, pembe ikazama pajani mwa shemeji yangu. Ikamwinua. Ikambwaga. Kisha mnyama akampita juu na uzito wake wote, na mimi nikausikia mfupa. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu nami, mimi huondoka.

Ndipo mtu akapiga kelele. "Ladi! Ladi! Na hakuna wingu!"

Ninyi wa kwetu mnajua. Radi hapa inaua, na wengi wanaamini wako watu wanaoweza kuituma. Fahali wa Mzee Luvisia alikuwa amegeuzia mwanga mgongo, akabaki amesimama, mshindi. Macho yote yakamgeukia mzee mwenyewe.

"Ni huyu mzee! Ametuma ladi!"

"Si mimi, wanangu! Mimi natoa ladi wapi? Nyasaye, Mungu wangu! Si mimi!"

Walimpiga kwa zile zile fimbo za kuongozea fahali. Walimpiga mdomoni mpaka taya likaachana, na meno nikayaona nyasini. Mwingine akamkata fahali wa mzee mguu kwa panga, mnyama akapiga magoti akilia. Mzee alijaribu kutambaa kumwendea. Wakamkanyaga mikono.

Na mimi? Nilikuwa nimeficha flashi ndani ya sweta. Zile kubwa, zikishatoa mwanga, huanza kujijaza tena, zinalia nyiii kama mbu. Ilikuwa inalia kifuani mwangu. "Ni mimi!" Maneno mawili tu! Badala yake niliikumbatia kwa nguvu isisikike.

Madaktari walimkata Shivachi mguu. Ni mimi niliyemfikisha hospitali, na mpaka leo ananishukuru, halafu anamlaani Mzee Luvisia huku mimi nikila ugali wake. Dada yangu analima peke yake. Nyumba ya mzee ilichomwa, akakimbilia Lugari kwa ndugu zake. Na hiyo picha? Niliposafisha filamu nilipata weupe mtupu. Hata pembe hazionekani!

Flashi sikuitupa. Ndiyo, niliendelea kupigia nayo harusi! Ningezikwa na siri hii, lakini mwezi uliopita mzee mmoja aliingia studio kutaka picha za kitambulisho. Taya limepinda, maneno yanatokea upande. Nilimjua kabla hajakaa. Yeye hakunijua.

Stima ilikuwa imepotea. Nikaichukua ile flashi, nikabonyeza.

Mzee alianguka kutoka kwenye stuli, mikono kichwani. Akakaa hapo chini. Kisha akainuka polepole, akarudi kukaa, akaitazama flashi ikilia nyiii.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga.

"Ni hii."

"Ni hii, mzee."

"Ulikuwanga wapi wakinipiga?"

"Karibu. Kwenye majani."

Hakunitukana. Laiti angenizaba kofi! Alivaa kofia yake, akasema, "Picha sitaki. Enda umwambie yule kijana wa mguu." Akatoka.

Sijaenda. Nimefika kwa dada mara kadhaa, nikanywa chai, nikarudi na ulimi wangu. Ndiyo maana naandika bila jina. Mwoga ni mwoga!

Wewe unayenunua flashi, nunua inayopungua. Na ukishamuumiza mtu, sema papo hapo, ukiwa bado unatetemeka, kabla mwenzako hajavunjwa taya kwa ajili yako. Ukingoja utulie, hutasema tena.

Picha za mzee nimezisafisha, zimetoka vizuri. Katika ya kwanza ametulia tu, mtu anayetaka kitambulisho. Katika ya pili ananitazama mimi.