Kitambaa cha Harusi cha Mandvi

Wewe unanijua, mimi hapa Guangzhou si mtu wa kubahatisha. Mfanyabiashara wa Dar akishuka uwanja wa ndege wa Baiyun hajui pa kuanzia, anaambiwa anitafute mimi, ofisi iko jengo la Tianxiu. Darasani niliishia la nne, lakini kontena nazijaza kuliko wenye digrii. Sasa juma lililopita laoban mmoja, tajiri wa kiwanda cha vitambaa, aliniwekea mezani sampuli nyekundu yenye vidoti vyeupe, akasema ni mtindo wa India, wanawake wa Zanzibar wataugombania. Nikaipapasa. Laini tupu, imechapwa na mashine. Nikamwambia bu yao, siitaki. Akashangaa, maana hata bei hakuwa ameitaja. Angejuaje kwamba nimetoka Mandvi mwezi uliopita na moyo bado unaniuma?

Mandvi ni mji wa kale wa pwani, magharibi ya India, walikotoka Wahindi wengi wa Unguja. Nilipelekwa huko nina miaka kumi. Kwetu Unguja mama yangu alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kihindi, mama mzazi wa jirani yetu mwenye duka. Bibi alipotaka kurudi kwao kumwozesha mjukuu wake, alikataa kuguswa na mikono mingine. Basi tukaenda naye, mimi na mama, na mwenye duka, aliyesafiri nasi, akaahidi, "Mtoto nitamtia skuli ya Kiingereza kule, kama wangu mwenyewe." Mama alitoa machozi. Mtoto wa mtumishi, skuli ya Kiingereza.

Mji ule bado ninao puani. Asubuhi tuliamshwa na nyundo za mafundi waliokuwa wakiunda vyombo vya mbao kando ya mto, virefu kuliko nyumba. Mimi nateka maji, naokota nyuzi uani, namshika bibi mkono akienda kujisaidia. Jirani yetu wa kule alikuwa mwanamke mfunga vitambaa vya harusi, aliyefuga ukucha wa kidole cha mwisho. Kwa ukucha huo alinyanyua kitambaa kidogo tu, akazungusha uzi, akafunga fundo dogo kama punje ya uwele. Maelfu kwa maelfu. Kikishatiwa rangi kinabaki na mafundo yake, kimejikunyata, hujui ndani kuna ua gani. Hakifunguliwi mpaka mwenyewe aone kwa macho yake, kwa sababu mafundo ndiyo ushahidi kwamba kimefanywa kwa mkono na hakuna aliyekivaa. Cha bi harusi hufunguliwa mbele ya wakwe. Wawili wanashika ncha, wanavuta, nyuzi zinaruka pa-pa-pa kama bisi.

Bi harusi mwenyewe, yule mjukuu, nilimwita dada. Alizaliwa Unguja kama mimi, na kule tulikuwa sisi wawili tu tunaoteta kwa Kiswahili watu wasisikie. Alininunulia dabeli, viazi vya ukwaju na njugu ndani ya mkate, kama urojo uliotiwa kwenye boflo. Sare yangu ya skuli alinishonea yeye, kaptula ya buluu na shati, nikaitundika ukutani nikawa nalala nikiitazama.

Siku tatu kabla ya harusi, Jumatatu inayofuata nianze skuli, dada aliniita chumbani. Mkononi kitambaa chake cha harusi, bado na mafundo yake.

"Nataka nikione tu, halafu tutakirudisha. Shika huku."

"Dada, watatupiga."

"Mwoga we. Vuta."

Nikavuta. Pa-pa-pa. Ikatokea bustani nzima ya vidoti, ndege na tembo, na dada akajifunika, akacheka. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mafundo yakishafunguka hayarudi.

Wakwe walipokuja wakakuta kitambaa kimekwisha kufunguliwa. Mama mkwe akakirusha chini, akasema wameletewa mtumba. Harusi ikataka kuvunjika. Mwenye duka akauliza nani, na dada akaninyooshea kidole, akasema kwa Kihindi chao, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mama asikie. "Ni huyu. Nilimkuta anakichezea."

Mama akanishika mabega. "Sema kweli." Nikasema kweli, kwamba dada ndiye aliyeniita tuvute. Akaninasa kibao, kisha akapiga magoti mbele ya wale watu kuniombea msamaha. Juma lile lile tukarudishwa Unguja. Sare ilibaki ukutani. Mpaka anakufa, wageni wakija, mama alikuwa akisema, "Huyu alikuwa asome India. Mikono yake ndiyo iliyomponza." Na ndugu zangu hadi leo wanajua hivyo.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda tena Mandvi. Nilimbebea dada simu mpya na mablanketi mazito ya China, maana siendi kwa mtu mikono mitupu. Simu yangu nikaiweka mfukoni inarekodi, nimpe nafasi ya kusema ukweli, nikawasikilizishe ndugu zangu. Nyumba imekuwa duka la chaji na vioo vya simu, wao wamehamia ghorofani. Yule jirani wa ukucha alikwisha kufa. Dada amenenepa, ana wajukuu, Kiswahili chake bado kile cha Unguja.

"Karibu, mvunja harusi," akasema, akawageukia wajukuu. "Huyu ndiye aliyefungua kitambaa changu. Nimeingia chumbani, nakuta kakaa kitandani, kamaliza."

"Dada, si wewe uliyenishikisha ncha?"

"Mimi? Umezeeka wewe, baba. Kula."

Nikamtazama usoni nikitafuta aibu. Haikuwepo. Hakuwa akidanganya. Amekisimulia kisa miaka arobaini mpaka amekiamini, na kwake ni kisa cha kuchekesha, anakipenda. Zamani tulikuwa wawili tunaojua lililotokea chumbani mle. Sasa nimebaki mimi.

Rekodi ninayo. Jana nimeisikiliza tena hapa ofisini, mlango nimeufunga. Anasikika yeye akisimulia, watoto wanacheka, vikombe vinagongana. Halafu kuna sauti ya mwanamume anayecheka kuwashinda wote. Ni yangu.